Wawili Wawili Mtaani: Yanayosemwa Kuhusu Wamisionari Vijana, na Yalivyo

Vijana wawili wenye mashati meupe na vibao vyeusi vya majina kifuani wamekuwa sura ya kawaida Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Lubumbashi. Watu huwaita Wamormoni. Kanisa lao, la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, limekuwa likisisitiza tangu 2018 liitwe kwa jina lake kamili. Yanayosemwa juu yao ni mengi, lakini mimi nashughulika na upande ambao hata waumini wenyewe huukosea: yanayompata kijana anapohamishiwa eneo geni na kupangiwa mwenzi wa kazi asiyemjua. Nawaandikia wanaojiandaa kwenda, na zaidi wazazi wao, maana maneno mengi yanayowaumiza watoto hawa hutoka nyumbani.

"Wanajichagulia pa kwenda na wa kwenda naye"

Hapana. Wito hutoka makao makuu, Salt Lake City, Utah, Marekani. Wa kiume huhudumu miezi 24, wa kike miezi 18. Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa, wavulana kutoka miaka 19 hadi 18 na wasichana kutoka 21 hadi 19, na mwaka 2025 wasichana nao wakashushiwa hadi 18, kwa hiyo wengi tunaowaona wametoka sekondari juzijuzi tu. Wakishafika, rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa sehemu hiyo, ndiye huwapangia eneo na mwenzi, na mpango huo hupitiwa upya kila baada ya wiki sita hivi. Aliyezoea matatu na kelele za Nairobi anaweza kuambiwa afungashe aende Chyulu, Ukambani, na maisha yakaanza upya: njia hazijui, jirani hamjui, hata duka la mkate hajui liko wapi.

"Mwenzi umepangiwa na Mungu, basi mtapatana tu"

Hii ndiyo dhana inayodhuru kuliko zote, kwa sababu kijana akianza kukwaruzana na mwenzake hujiona yeye ndiye mwenye kasoro ya kiroho.

Tuseme ukweli ulivyo. Kanuni yao ni kwamba wawili hao waonane na wasikiane muda wote, isipokuwa bafuni na chooni. Wanalala chumba kimoja, vitanda tofauti. Wanakula pamoja, wanasali pamoja, wanatembea juani pamoja. Mmoja anaweza kuwa ametoka Idaho, Marekani, mwingine Kinshasa, na hakuna aliyewahi kuishi hivyo na mtu yeyote, hata ndugu yake wa damu. Ndoa nyingi zisingestahimili ratiba hiyo.

Magomvi yenyewe mara nyingi huwa ya vitu vidogo. Jumatatu ndiyo kwa kawaida siku ya matayarisho: kufua, kwenda sokoni, kuwasiliana na nyumbani. Mmoja ameshaanika nguo na kuliegemeza karai ukutani, anataka kwenda kucheza mpira. Mwenzake amejilaza, kwake siku hiyo ni ya kulipa deni la usingizi. Kwenda peke yake haruhusiwi. Basi anakaa mlangoni na raba zake miguuni, kimya, na kimya hicho kinaweza kufika hadi Alhamisi.

Dawa yake haikuachwa ianguke kutoka mbinguni. Kila wiki, wanapopanga kazi ya siku zijazo, wanatakiwa watenge muda wa kuambiana kinachokwenda vizuri na kinachokwaza. Wengi hukipita haraka kipengele hiki kwa haya, na hapo ndipo wanapokosea. Ushauri wangu ni wasisubiri hata wiki iishe. Jioni ya kwanza waulizane: ukikasirika unasema au unanyamaza? Unapika nini? Nani ataosha vyombo leo? Kuelewana kwa kutosha kufanya kazi na kuheshimiana ni mafanikio makubwa. Urafiki ukija juu yake, ni heri.

Mgeni kabisa hupewa mkufunzi, na mafunzo yao ya mwanzo huchukua wiki 12. Wazazi hudhani mkufunzi huyo ni mtu mzima aliyebobea. La hasha, mara nyingi ni kijana wa miaka 19 au 20 ambaye naye bado anajifunza kusonga ugali. Wakati mwingine wote wawili huingia eneo siku moja na hakuna mwenyeji kati yao. Kumbukumbu za watu waliokuwa wakifundishwa wanazikuta kwenye simu, lakini simu haiwaambii mzee gani wa mtaa apigiwe hodi kwanza. Hayo wanayajua waumini wa pale, na mgeni mwenye busara huanzia kwao.

"Anayelia usiku imani yake ni haba"

Kumlilia mama ukiwa na miaka 18 na uko mbali kuna uhusiano gani na imani? Kanisa lenyewe limetoa kijitabu cha kuwasaidia wamisionari kuzoea maisha yao mapya, nacho hupima msongo kwa rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Kuingia njano ni jambo la kawaida kwa kila anayejaribu kitu kigumu. Akifika nyekundu, anatakiwa kutafuta msaada, na kuomba msaada huo ni sehemu ya wajibu wake.

Zamani simu ya nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama peke yake. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuzungumza na familia kila wiki. Wazazi wenzangu, itumieni nafasi hiyo vizuri. Mama anayeuliza kila wiki "umebatiza wangapi?" anamwongezea mtoto mzigo. Muulize amekula nini, mwenzake anaendeleaje, amelala vipi. Na akirudi kabla ya muda kwa sababu ya afya ya mwili au akili, mpokeeni. Kuna vijana wameacha kabisa kwenda kanisani kwa sababu ya minong'ono ya kibarazani, si kwa sababu ya misheni.

"Mwafrika akipelekwa Afrika hana cha kuzoea"

Mpeleke Dar es Salaam kijana wa Eastlands, Nairobi, halafu umtazame. Anaingia dukani na kusema "nipe maji" kama alivyozoea, na muuzaji anamwona hana adabu, kwa kuwa pale watu husema "naomba". Anampita bibi bila shikamoo, na mlango wa nyumba ile umeshafungwa kabla hajafika kuubisha. Mzungu akikosea husamehewa kwa kuwa ni mgeni. Yeye, kwa kuwa anafanana na wenyeji, hasamehewi.

Yeye pia ndiye hubanwa kwa maswali. Wake wengi? Kanisa lilitangaza kuachana na ndoa hizo mwaka 1890, na leo muumini anayeoa mke wa pili hutolewa. Na ubaguzi? Hadi Juni 1978 wanaume weusi hawakupewa ukuhani. Historia hiyo kijana Mwafrika aijue kabla ya kubisha hodi, aijibu bila kuipaka rangi, maana atakayemuuliza huenda ameshaisoma.

"Wanalipwa dola"

Hawalipwi mshahara. Wao na familia zao ndio huchangia gharama. Kwa Wamarekani, kuanzia Julai 2020 mchango uliwekwa dola 400 kwa mwezi, awe amepelekwa Tokyo au Dar es Salaam. Familia isiyojiweza husaidiwa na mfuko wa Kanisa.

"Wamekataa chai yangu, wana dharau"

Kwetu kukataa chai ni kama kukataa salamu, na mmisionari mgeni huteseka sana na jambo hili wiki za kwanza, hasa mwenzake naye akiwa mgeni. Majani ya chai, kahawa na pombe wamekatazwa na sheria yao ya afya ya tangu 1833. Wachemshie mchaichai au tangawizi bila majani, au wape uji, watakunywa na kushukuru. Ukiwaalika, waalike wote wawili, maana mmoja hawezi kuja peke yake. Na kama wewe ni mwanamke unayeishi peke yako, mwite na kaka au baba mzima akae nanyi wakija wavulana, vinginevyo watabaki nje barazani na utadhani ni dharau nyingine.