Mwaridi kibete ni mwaridi wa namna gani?

Mwaridi kibete ni mwaridi ambao jani, mwiba, tumba na ua lake vyote ni vidogo kwa kiasi kinacholingana, hata mtu akiutazama kwa karibu haoni kiungo kilichozidi kingine. Kimo chake kwa kawaida ni kati ya sentimita 15 na 45. Udogo huo ni wa kurithi, haukuletwa na chungu kidogo wala kwa kunyimwa mbolea, na ndiyo maana mwaridi huu ukihamishiwa kwenye udongo wenye rutuba hunawiri sana lakini haugeuki mwaridi mkubwa. Mmea uliodumaa ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa huo ni mgonjwa.

Chimbuko lake ni Uchina. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwaridi mdogo wa asili ya Kichina ulionekana ukikuzwa katika vyungu vya madirishani nchini Uswisi, na kutokana nao wazalishaji kama Jan de Vink wa Uholanzi na Pedro Dot wa Hispania walipata aina mpya, kabla ya Ralph Moore wa California kuifanya kazi hiyo kwa maisha yake yote.

Miwaridi mikubwa mingi ya dukani hubebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine, lakini mwaridi kibete kwa kawaida huoteshwa kutokana na kijiti chake wenyewe. Kwa hiyo chipukizi linalotoka chini ya udongo ni la mwaridi uleule, na inasikitisha kuona watu wakiling'oa kwa kudhani ni la shina geni. Aidha, chungu kimoja cha dukani mara nyingi huwa na vijiti vitatu au vinne vilivyobanana, ambavyo ni vyema kuvitenganisha kwa uangalifu na kukipa kila kimoja nafasi yake.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuuweka mwaridi huu juu ya meza ya sebuleni kwa sababu tu unaenea pale. Unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 hivi kila siku, sawa na mwaridi mkubwa, na ndani ya nyumba yenye hewa kavu hushambuliwa haraka na utitiri mwekundu, ambao hujificha upande wa chini wa majani na huweza kupunguzwa kwa kuunyunyizia upande huo maji yenye nguvu. Mizizi yake haiendi mbali, kwa hiyo udongo wa chunguni haufai kuachwa ukauke kabisa, wala kutuamisha maji. Mwagilia shinani asubuhi, kwa sababu majani yanayolala yakiwa yamelowa hukaribisha ukungu wa madoa meusi. Kwa wakazi wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi, nafasi ya kutosha kati ya mche na mche ni ya lazima.

Nairobi na Arusha hakuna majira ya theluji ya kuulaza mmea, hivyo huweza kuchanua mwaka mzima. Ua likinyauka, kata kikonyo juu kidogo ya jani la kwanza lenye vijani vitano, kwenye jicho (mahali pa kuchipulia) linaloelekea nje, na tumba jipya litachomoza kutoka hapo baada ya wiki kadhaa.