Nywele zimetoka rangi ya chungwa? Weka chini chupa ya pili

Alhamisi saa tatu usiku mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinipigia simu akilia. Hakuna msiba, alisema, ila niende haraka. Jumamosi ilikuwa kwanjula ya dada yake, siku ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na yeye alikuwa mmoja wa wasichana wa kumsindikiza. Nilifunga saluni yangu ya Wandegeya, hapa Kampala, nikachukua boda hadi kwao Bwaise. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, taulo mabegani, kichwa kina rangi tatu. Kwenye shina chungwa linalong'aa kama jaketi la mwendesha boda. Katikati kahawia iliyoingia wekundu. Kwenye ncha nyeusi tii, kana kwamba hakuna kilichopakwa. Boksi la rangi ya nywele lilikuwa miguuni pake, na juu yake mwanamke anatabasamu na nywele za rangi ya asali.

Kando ya boksi palikuwa na ndimu zilizokatwa na chupa ya Jik. Ssenga wake, yaani shangazi, alikuwa ameshafungua kifuniko.

Nina miaka 12 katika kazi hii. Vichwa vilivyoharibika ninavyoletewa, vichache vimeharibiwa na rangi ya kwanza. Vingi vimeharibiwa na kile kilichomiminwa saa moja baadaye, kwa hofu, kwa ushauri wa jirani. Ushauri wenyewe naujua kwa moyo sasa.

"Jik inatoa doa kwenye shuka, itatoa na kichwani"

Nilimnyang'anya ssenga chupa kwa adabu, kwa mikono miwili, lakini nilimnyang'anya. Jik ni hipokloraiti ya sodiamu. Unywele umejengwa kwa protini, na hipokloraiti huila protini hiyo. Rangi inaweza kweli kupauka, ila unywele unapauka huku unayeyuka, na ngozi ya kichwa inaungua. Zaidi ya hapo, rangi nyingi za boksi zina amonia, na Jik ikikutana na amonia hutoa mvuke wa kloramini unaochoma macho na mapafu. Ukikamulia ndimu au kutia siki, inatoka gesi ya klorini. Pale uani vitu vyote vitatu vilikuwa vimepangwa pamoja kama viungo vya pilau.

Kinachopotosha watu ni jina. Blichi ya saluni ni unga wa pasalfeti unaokorogwa na haidrojeni peroksaidi. Blichi ya kufulia ni kitu kingine kabisa. Wameitwa jina moja, lakini hawajazaliwa tumbo moja.

"Boksi limeandikwa asali, kwa hiyo ni boksi bovu"

Boksi halikuwa bovu. Picha ya boksi inaonyesha rangi ile itakavyokaa kwenye kichwa ambacho tayari ni cheupe kidogo. Nywele zetu nyeusi zina melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili. Peroksaidi inapoanza kuivunja, nywele haziruki moja kwa moja hadi asali. Zinapita njia ileile kila mara: nyekundu, kisha chungwa, kisha manjano, kisha manjano iliyofifia kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Devlopa, ile krimu nyeupe inayokuja na boksi, mara nyingi ina peroksaidi ya asilimia 6. Inapandisha nywele, yaani inazifanya nyeupe zaidi, ngazi kadhaa tu, halafu nguvu inaisha. Kwa mtu mweusi nywele, nguvu huishia kituo cha chungwa.

Wengine wakisikia hivyo wanakimbilia maduka ya Kikuubo mjini kutafuta devlopa kali zaidi, ya asilimia 9 au 12. Ngozi ya kichwa haijui kwamba una haraka. Malengelenge niliyoyaona kwenye utosi wa msichana mmoja wa chuo yalitokana na asilimia 12 iliyokaa kichwani dakika hamsini, kofia ya nailoni juu, chini ya driya. Aliniambia ilikuwa inachoma tangu dakika ya kumi, akadhani ndivyo inavyofanya kazi.

Na kwa nini rangi tatu kwenye kichwa kimoja? Shina liko karibu na ngozi, ngozi ina joto, na joto huharakisha dawa. Ndiyo maana mtu akianza kupaka kwenye shina, shina linawaka kabla ya mengine. Ncha nazo zilikuwa na siri ambayo mdogo wangu hakuitaja hadi nilipomuuliza mara mbili: Krismasi iliyopita alipaka nyeusi ya pakiti. Rangi mpya haiondoi rangi ya zamani. Peroksaidi ya boksi inafanya kazi yake kwenye melanini ya asili, lakini ile nyeusi ya dukani inakaa pale kama mgeni aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

"Basi paka nyeusi juu yake, yaishe"

Huu ndio ushauri wa kila mtu, na una akili kidogo ndani yake. Kurudi kwenye giza ni salama kuliko kuendelea kupandisha. Ila nyeusi ndiyo rangi ngumu kuliko zote kuitoa baadaye, na mtu aliyetaka asali mwezi huu atataka asali tena mwezi wa nane. Kingine, nywele zilizopandishwa magamba yake yamefunguka. Zinanywa rangi haraka na kuitapika haraka. Baada ya kuosha mara nne utaona nyeusi imebaki kwenye ncha, na shina limekuwa na rangi isiyo na jina. Na kama nywele zilikuwa zimefika manjano, rangi yenye msingi wa bluu ikikaa juu yake inaleta kijani. Manjano na bluu, hesabu ya shule ya msingi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayookoa. Bluu huzima chungwa. Zambarau huzima manjano, ndiyo maana kuna shampuu ya zambarau, na ndiyo maana shampuu hiyo haimsaidii mtu mwenye kichwa cha chungwa hata aoshe wiki nzima. Kijani huzima wekundu.

Usiku ule sikupaka kitu kichwani. Nilimwosha kwa shampuu laini na maji ya vuguvugu. Bomba lilikuwa limekatika, kwa hiyo tulitumia jerikani mbili, ssenga akimimina kwa kikombe. Nikamjaza kondishna, nikamfunga kitambaa, nikamwambia alale. Nilikata pia nywele chache kutoka kisogoni, mahali pasipoonekana, nikaondoka nazo kwenye karatasi. Ijumaa saluni nilizijaribishia kahawia iliyoiva ya aina ya majivu, yaani yenye bluu ndani yake, isiyo na amonia, kwa devlopa ya asilimia 3. Ndani ya dakika kumi na tano chungwa lilikuwa limezimika. Jioni nikampaka kwenye shina na katikati tu, ncha sikuzigusa. Ilitoka kahawia ya kahawa iliyokaangwa, si asali. Alinuna kidogo, kisha akajitazama na gomesi, lile vazi la sherehe, begani, akanyamaza.

Kile kijiunywele cha kujaribia kinachukua nusu saa. Ni hatua ambayo watu wote huiruka, na mimi ningeiweka kwa herufi kubwa kuliko jina la rangi kwenye boksi.

Sabuni ya vyombo, shampuu ya mba, vidonge vya vitamini C

Hizi si uongo mtupu. Rangi ikitoka nyeusi kuliko ulivyotaka, kuosha mara kadhaa kwa shampuu kali ya mba katika siku tatu za mwanzo kunaipunguza. Vitamini C iliyosagwa na kuchanganywa na shampuu nayo hupunguza kidogo. Tarajia nywele kavu kama paa la makuti baadaye, kwa hiyo kondishna ifuate. Kwa chungwa hazifai: chungwa si rangi iliyowekwa, ni rangi iliyofunuliwa. Ukiosha zaidi unaifunua zaidi.

Rangi iliyodondokea paji la uso au masikio, paka mafuta ya nazi au vaselini, acha kidogo, futa kwa pamba. Safari ijayo paka vaselini hiyo kabla.

"Hina ni majani, haiwezi kudhuru"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wateja wangu wengi ni Waswahili na Wanubi wa Bombo, na hina kwetu ni harusi, ni Idi, ni mikono ya bibi.

Hina safi ni unga wa majani ya mhina, na rangi yake ni chungwa hadi kahawia-nyekundu. Hakuna hina safi nyeusi. Pakiti iliyoandikwa hina nyeusi ina kitu kingine ndani, na mara nyingi ni kile kilichomo kwenye piko: parafenilinidiamini, kwa ufupi PPD. Anayejichora piko mkononi kwa ajili ya harusi anaweka rangi ya nywele juu ya ngozi, na kwa ukali kuliko inavyoruhusiwa kichwani. Baadhi yao huamka na malengelenge yenye umbo la maua waliyochorwa. Wengi hawajui kwamba ngozi iliyofanya hivyo mara moja imeshaweka kumbukumbu. Miaka mitano baadaye akipaka rangi kichwani, mwili unamkumbusha.

Kuna pia hina zilizochanganywa na chumvi za metali. Ukiweka blichi au peroksaidi juu yake, nywele zinaweza kupata moto na kukatika hapohapo. Kwa hiyo msusi akikuuliza ulipaka nini mwaka jana, si umbeya.

"Nimeitumia miaka kumi, mwili umeshaizoea"

Mzio wa PPD haufanyi kazi hivyo. Mwili unaweza kuvumilia mara thelathini, ya thelathini na moja ukakataa, na ukishakataa haurudi nyuma. Mama mmoja anayeuza mitumba Owino alikuwa anaficha mvi kwa unga wa pakiti kila mwezi. Siku moja alikuja kwangu kajifunga leso hadi nyusi. Alipoifungua, macho yalikuwa mistari miwili tu, na majimaji yanachuruzika nyuma ya masikio. Alikuwa amepaka siku mbili kabla. Hilo nalo linawachanganya watu: mzio huu mara nyingi huja baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo wanalaumu samaki wa jana.

Ikianza kuwasha au kuvimba, osha rangi yote kwa maji mengi na shampuu, kisha nenda kliniki. Ukivimba midomo au ulimi, au pumzi ikibana, ni hospitali usiku huohuo, si asubuhi. Na rangi hiyo usiiguse tena.

Jaribio ni tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, saa 48 kabla. Naam, kwa mdogo wangu sikuwa na saa 48. Nilimweka tone Alhamisi usiku, nikaangalia Ijumaa jioni, nikavunja kanuni ninayowahubiria wengine. Sikulala vizuri hadi Jumapili.

Nyusi na kope ziache kabisa. Marekani, mwaka 1933, rangi ya kope iliyouzwa kwa jina la Lash Lure ilipofusha macho ya watu. Visa hivyo vilichangia kupatikana kwa sheria yao ya vipodozi ya 1938. Na pakiti za unga mweusi ziwekwe juu, mbali na watoto: PPD ikimezwa huvimbisha koo na kuua figo. Sudan madaktari wameyaona hayo mara nyingi mno.

"Weka dawa na rangi siku moja, uokoe nauli"

Rilaksa, ile dawa ya kunyoosha nywele, inavunja viungo vinavyoupa unywele nguvu. Rangi inafungua magamba. Ukivifanya siku moja, unaokoa nauli na kupoteza nywele. Dawa kwanza, rangi baada ya wiki mbili au zaidi. Blichi juu ya nywele za dawa, mimi huwa nakataa, na wateja wengine wamehamia saluni ya pili kutoka kwangu kwa sababu hiyo.

"Yai na mayonesi zitazifufua"

Nywele zilizotoka nje ya ngozi zimekufa tangu mwanzo. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Inapaka juu, inalainisha, na ukiosha kwa maji ya moto unapata kichwa chenye mayai ya kukaanga. Lowesha unywele mmoja uuvute taratibu. Ukirudi kama mpira, bado kuna matumaini. Ukinyooka kama bablishi na kukatika, usiweke kemikali yoyote, kata. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, na kichwa kifupi kinapendeza kuliko ncha zilizochanika.

Kuhusu kusuka ili kuficha: rasta ndogondogo zilizobanwa juu ya nywele zilizoungua zitaondoka na nywele zenyewe siku ya kufumua. Kama lazima ufiche, suka twende kilioni pana, legevu, au funga kilemba.

Jumamosi kwanjula ilikwenda vizuri, na hakuna aliyeuliza kuhusu kichwa cha mtu yeyote isipokuwa cha bibi harusi. Ile Jik haikupotea. Ssenga aliloweka nayo lile taulo, akalisahau usiku kucha kwenye beseni. Madoa ya chungwa yalipauka, hayakuisha. Wiki iliyofuata mdogo wangu alinitumia picha ya taulo limeanikwa kwenye kamba, na katikati yake tundu linalotosha kupitisha ngumi.