Kiwango cha makosa: alama ya ± kwenye takwimu za mji mdogo wa Marekani

Kiwango cha makosa ni ile namba inayofuata alama ya ± pembeni ya makadirio. Tuseme jedwali linaonyesha kipato cha kaya ni dola 41,000 ± 9,000. Hapo idara ya sensa inasema, kwa uhakika wa asilimia 90, kwamba kipato halisi kiko kati ya 32,000 na 50,000. Kwa jiji kubwa ± huwa ndogo na wasomaji huiruka. Kwa mji wa watu 300, hiyo ndiyo namba ya kutazama kwanza.

Chanzo chake ni sampuli. Sensa ya kila miaka 10 huhesabu watu wote na kuuliza umri, jinsia na rangi, lakini haiulizi kipato. Kipato hutoka kwenye American Community Survey, utafiti unaofikia anwani kama milioni 3.5 kwa mwaka nchi nzima. Mji wenye nyumba 120 huambulia madodoso machache tu, hivyo maeneo yenye watu chini ya 65,000 hutolewa makadirio ya miaka 5 iliyojumlishwa. Namba ya 2016–2020, basi, si ya mwaka 2020.

Kipato kinachotajwa mara nyingi ni cha kaya ya katikati: zipange kaya zote kuanzia ya chini hadi ya juu, nusu iwe huku, nusu kule. Tajiri mmoja haivuti namba hiyo, lakini kaya mbili tatu tofauti zikiangukia kwenye sampuli, inahama.

Ukitaka kujua kama kipato kimepanda, linganisha vipindi visivyoingiliana, mfano 2011–2015 na 2016–2020, na kwanza ugeuze dola za zamani ziwe za thamani ya kipindi kipya. Kisha zidisha kila kiwango cha makosa kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Mji ukitoka 41,000 ± 9,000 kwenda 48,000 ± 12,000, jibu ni 15,000, na hicho ndicho kiwango cha makosa cha tofauti yenyewe. Tofauti ni 7,000 tu, kwa hiyo huwezi kusema umepanda. Magazeti ya mitaani huandika "kipato chapaa" kwa namba kama hizi kila mwaka.

Rangi ina mitego yake, na ± haiioneshi. Wafungwa huhesabiwa walipofungwa. Gereza likijengwa kijijini, idadi ya watu inaruka na mchanganyiko wa rangi unabadilika bila familia hata moja kuhamia. Wafungwa hawaingii kwenye kipato cha kaya, ila wanaingia kwenye wastani wa kipato kwa kila mtu na kuushusha. Pia, kati ya 2010 na 2020 waliohesabiwa kuwa na rangi zaidi ya moja walitoka milioni 9 hadi 33.8, sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na dodoso lililobadilishwa na namna mpya ya kuainisha majibu.

Halafu kuna makosa ya makusudi. Monowi, Nebraska, ilikuwa na mkazi mmoja mwaka 2010. Sensa ya 2020 iliandika wawili, ingawa aliyekuwepo alikuwa yule yule mmoja. Idara hubadilisha kidogo namba za maeneo madogo ili mtu asitambulike, na kuacha jumla ya kila jimbo kama ilivyo.