Omega-3 na moyo wa mbwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapo wenye mbwa Nairobi wasiokumbuka chanjo ya kichaa cha mbwa ilichomwa lini, lakini omega-3, yaani vidonge vya mafuta ya samaki, hawaikosi. Kidonge kinatoboliwa, mafuta yanamiminwa juu ya ugali na matumbo, moyo umekingwa. Eti.

Dhana kubwa ni kwamba mafuta hayo huzibua mishipa ya moyo. Hiyo ni hofu yetu binadamu tumemtwika mbwa. Mbwa ni nadra kuzibwa mishipa ya moyo na mafuta. Wadogo, kama Maltese na Chihuahua, mara nyingi huharibika vali: inakuwa nene, haifungi vizuri, damu inarudi nyuma. Wakubwa kama Doberman misuli ya moyo hulegea, moyo ukatanuka. Vali iliyochakaa hairekebishwi na mafuta ya samaki.

Wanaosema basi ni upuuzi mtupu nao wamekosea. EPA na DHA, mafuta mawili yenye kazi humo, hupunguza uvimbe mwilini. Utafiti wa 1998 uliwapa mafuta ya samaki mbwa waliokuwa na moyo uliotanuka na kushindwa kazi. Kukonda kwao kulipungua. Mwaka 2007, mbwa aina ya Boxer wenye ugonjwa wa misuli ya moyo waliopewa mafuta hayo walipungukiwa na mapigo yasiyo ya kawaida. Kwa hiyo ni msaidizi wa moyo ambao daktari ameshaupima, tena pamoja na dawa zenyewe, kama pimobendan.

“Kidonge kimoja kwa siku kinatosha.” Geuza chupa usome nyuma. Mbele imeandikwa miligramu 1000, lakini hayo ni mafuta yote. Mara nyingi EPA ni 180 na DHA 120 tu. Kipimo ambacho madaktari wengi wa moyo wa mbwa hutumia ni miligramu 40 za EPA na 25 za DHA kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 30 atahitaji EPA 1200, karibu vidonge saba! Lakini usikimbilie kumpa saba: mafuta mengi huleta kuhara, na kwa wengine kongosho huvimba. Daktari ndiye apange.

Mafuta ya ini la samaki si mbadala, kwa kuwa vitamini A na D zilizomo hulundikana mwilini hadi kudhuru. Mbegu za chia na za kitani? Mbwa hugeuza kiasi kidogo mno cha mafuta yake kuwa EPA. Omena (dagaa) wa soko la Gikomba wanayo mafuta haya, ila kiasi hakijulikani, na jua linalowakausha huyaharibu kwa sehemu. Waache wawe kitoweo.

Mbwa akikohoa usiku au akihema akipanda ngazi, mhesabu pumzi akiwa usingizini. Zikizidi 30 kwa dakika, tena na tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.