Je, wajua kwa nini Tithonus alizeeka bila kufa?

Katika hekaya za Wagiriki wa kale, alfajiri ni mungu wa kike, jina lake Eos. Alimpenda Tithonus, kijana wa ukoo wa kifalme wa mji wa Troy aliyesifika kwa uzuri, akamchukua wakaishi ukingoni mwa dunia. Alijua mpenziwe atakufa siku moja, basi akaenda kwa Zeus, mkuu wa miungu, kumwombea uzima wa milele. Zeus akakubali.

Kumbe ombi lilikuwa na pengo. Eos aliomba Tithonus asife, hakuomba asizeeke. Kwa Wagiriki hayo yalikuwa mambo mawili, ndiyo maana washairi wao wakiitaja miungu husema haifi wala haizeeki. Wengi humwona Eos mzembe. Mimi simlaumu: yeye huchomoza upya kila asubuhi, uzee angeujulia wapi?

Utenzi wa kale wa kumsifu Aphrodite, mungu wa mapenzi, unasimulia yaliyofuata, na unauma kuusoma. Mvi za kwanza zilipotokea, Eos aliacha kulala naye, lakini hakumtupa. Alimlisha nafaka pamoja na ambrosia, chakula cha miungu, akamvika nguo nzuri. Uzee ulipomlemea hata asiweze kuinua mkono wala mguu, alimlaza chumbani akafunga milango. Humo sauti yake ikabaki ikibubujika bila kikomo. Wasimulizi wa baadaye walisema mwishowe aligeuka nyenje, yule mdudu asiyechoka kulia.

Katika utenzi huo, kisa hiki anakisimulia Aphrodite mwenyewe. Amelala na Anchises, mchunga ng'ombe wa mlima Ida karibu na Troy, na sasa anamweleza kwa nini hatamwombea kwa Zeus. Hataki awe kama Tithonus. Atamzalia mwana, Aeneas, naye Anchises atazeeka na kufa kama watu wengine. Kwangu mimi, hayo ndiyo maneno ya upendo mkubwa kuliko yote katika utenzi mzima.

Eos naye alizaa na Tithonus mwana, Memnon, mfalme wa Waethiopia, aliyekwenda kuitetea Troy akauawa na Achilles, shujaa wa Wagiriki waliouvamia mji huo. Mshairi mmoja wa Roma aliandika kwamba umande wa asubuhi ni machozi ya mama huyo, ambaye hadi leo anamlilia mwanawe.