Maji ya mjini na penseli: yanayosemwa na hali halisi

Usanifu majengo unapozungumzwa hadharani, iwe kwenye mihadhara au mbele ya michoro iliyotundikwa ukutani, suala la maji mjini halikosi kuzuka. Yakizuka maji, zinazuka pia dhana ambazo zimerudiwa mpaka zikaonekana kweli. Hizi hapa ni zile ambazo naona zinatugharimu zaidi, hasa sisi tunaoishi kwenye miji ya pwani.

"Mafuriko ya Dar es Salaam yanaletwa na mvua kubwa, basi"

Mvua ni sehemu tu ya habari. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini penye Daraja la Selander. Kule juu miti imekatwa na udongo uko wazi, kwa hiyo maji yanateremka na mchanga. Yakifika Jangwani, ambako ardhi ni tambarare, yanapunguza mwendo na mchanga unatuama. Kitako cha mto kinainuka mwaka hadi mwaka, na mkondo uliotosha zamani hautoshi tena. Huku kati, kila uwanja uliosakafiwa na kila bati lililoezekwa vinanyima ardhi nafasi ya kunywa maji.

Desemba 2011 watu wapatao 40 walipoteza maisha katika mafuriko ya jiji hilo, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo, karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa Jangwani, bondeni kabisa, na maji yameivamia mara kwa mara. Mvua haikuamua ijengwe pale.

"Dawa ni mtaro mpana wa zege"

Mtaro una kazi yake, lakini mtaro wa zege ulionyooka unayaharakisha maji tu. Mtaa wa juu unapona, wa chini unazama. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mji tajiri wenye mabomba chini ya kila barabara, ilizama Julai 2011 baada ya mvua ya takriban milimita 150 kunyesha kwa muda usiofika saa tatu. Mwaka uliofuata mji ukapitisha mpango wa mvua kubwa: baadhi ya barabara na bustani zitengenezwe ili zipokee maji kwa muda, mabomba yakizidiwa.

Rotterdam, Uholanzi, nako kuna uwanja wa Benthemplein, uliokamilika mwaka 2013. Una mabeseni matatu yaliyoshushwa chini ya usawa wa ardhi. Siku kavu vijana wanacheza mpira humo na wengine wanakaa kwenye ngazi zake. Siku ya mvua unabeba karibu lita milioni 1.7. Wasanifu wake waliuchora wakiwa wamekaa na wanafunzi wa chuo jirani, waumini wa kanisa na watu wengine wa mtaa.

Naupenda sana uwanja ule, ila nasema wazi: ukijengwa mahali ambapo taka hazizolewi, utakuwa dampo kabla ya masika kuisha. Gari la taka ni sehemu ya usanifu huo sawa na zege lake.

"Kuvuna na kutunza maji ndani ya jengo ni mambo ya kuletewa kutoka nje"

Anayesema hivi na aende Kariakoo, atazame paa la soko. Beda Amuli, msanifu aliyelibuni, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege iliyokaa kama imepinduliwa. Mvua inaangukia humo na maji yanateremshwa hadi kwenye hifadhi iliyo chini. Soko lilifunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 uliliathiri vibaya, lakini wazo lake bado ni somo kwa kila anayeezeka paa kubwa mjini leo na kuyaacha maji yamwagike barabarani.

Tukirudi nyuma zaidi, Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jengo la karne ya 14, lina bwawa la kuogea lenye pembe nane. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la bafuni liliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Aliyepanga hivyo aliwaza maji, afya na chumba kwa pamoja.

"Siku hizi kuna kompyuta, kuchora kwa mkono kumekwisha"

Hapa ndipo ninapobishana na vijana wengi wa fani hii. Kompyuta ni lazima. Hesabu za mtiririko wa maji hazifanyiki kwa penseli. Tatizo ni mahali pa kuanzia. Ukifungua programu bila kuipa vipimo vya miinuko, inakukabidhi ardhi bapa, nayo nyumba inakaa juu yake vizuri kabisa, haina bonde wala mlima. Maji hayaijui ardhi hiyo.

Chora mkato kwa mkono uone, yaani ardhi na nyumba kana kwamba zimekatwa kwa kisu na kutazamwa ubavuni. Anza na mstari wa ardhi kutoka mlimani hadi mtoni. Weka sakafu ya nyumba, shimo la choo, kisima cha jirani, ukingo wa mtaro. Kila mstari unakulazimisha uulize: hapa ni juu kuliko pale, au chini? Kisha mwite mwenye nyumba. Atakuonyesha kwa kiganja alama ya tope iliyobaki chini ya dirisha, nawe utaivuta alama hiyo kwenye karatasi hadi ng'ambo ya pili. Mara nyingi mstari huo unapita juu ya mdomo wa choo na juu ya kisima, na mazungumzo yanageuka kutoka mafuriko kuwa kipindupindu.

Kazi ya namna hii imefanyika kweli. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mitaani wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa Dar es Salaam. Walitembea na ramani zilizochapwa, wakachora kwa kalamu mitaro na njia, kisha yote yakaingizwa kwenye ramani huria ya mtandaoni. Mwaka 2018 mpango wa Bonde la Msimbazi nao uliandaliwa kwa vikao vilivyowakutanisha wataalamu, maofisa wa serikali na wakazi juu ya ramani moja. Mkono na kompyuta vilifanya kazi pamoja.

"Mimi sijui kuchora"

Hauhitajiki uchoraji wa sura. Inatosha mstari uonyeshe maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Mistari iliyopinda ya mama anayeuza samaki bondeni ina habari ambayo picha maridadi ya kompyuta haina, na waandaaji wa maonyesho wangefanya vizuri kuvitundika vyote viwili ukuta mmoja.

"Tumeshachora, sasa tujenge"

Hapana. Mchoro wa mkono ni wa kufikiria na kukubaliana. Baada ya hapo unahitajika upimaji wa miinuko, kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na michoro ya mtaalamu aliyesajiliwa. Tanzania anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Na kabla ya kumlipa mtu yeyote, chora kiwanja chako pamoja na mto ulio karibu, kisha pima mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu ndani ya umbali huo shughuli za kudumu za binadamu, wala zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo wa mto. Kama nyumba unayoiwaza inaangukia ndani yake, karatasi imeshakuambia.