Kabla ya Kuuliza Bei ya Chumba, Uliza Maji Yanajaa Saa Ngapi

Wachumba na wanandoa wanaonipigia simu kuulizia hoteli ndogo za kando ya mto huku kusini mwa Tanzania huanza karibu wote na maswali yaleyale: kama chumba kina kiyoyozi, kama bei ni ya chumba au ya kila kichwa, kama kuna bwawa la kuogelea. Ni maswali ya haki, nami huyajibu. Hata hivyo, baada ya miaka 14 ya kupokea wageni na kuwapangia safari kati ya Lindi na Mtwara, jambo la kwanza ninalouliza mimi ni tarehe, kisha hufungua kalenda ya mwezi kabla sijafungua daftari la vyumba. Hoteli iliyo kwenye mlango wa mto huamka ikiwa kando ya maji na saa sita baadaye hujikuta kando ya uwanja wa tope, na mgeni aliyeongeza pesa ili apewe chumba kinachotazama mto anaweza kunywa chai siku zote tatu akitazama kaa wakitoka mashimoni.

Milango ya mito yetu, Lukuledi unaoingia katika ghuba ya Lindi na Ruvuma unaotutenganisha na Msumbiji, hutawaliwa na bahari kuliko inavyotawaliwa na mito yenyewe. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili hivi zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua kiasi kwamba mgeni wa bara anaweza asitambue kuwa kuna kilichobadilika. Hayo kila mtoto wa pwani anayajua. Ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba saa za bamvua hapa kwetu ni zilezile mwaka mzima: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka, maji yakajaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Kadiri hoteli inavyokuwa ndani zaidi ya mto, saa hizo huchelewa kidogo, na mvuvi yeyote wa hapo atakutajia kwa kiasi gani.

Kwa watu wawili waliokuja kupumzika, hesabu hiyo ndiyo inayoamua siku itakavyokwenda. Mwezi mpevu ni wa wapenda jioni. Maji huwa yamejaa tangu saa kumi, jua huzama upande mto unakotoka, na wakati huohuo mwezi huchomoza upande wa bahari, hata ukikaa katikati ya boti ukageuza shingo tu unaviona vyote viwili. Lakini asubuhi yake, wanapoamka kwa raha zao na kuagiza chai saa nne, mto haupo. Wanaopenda kulala hadi jua liwake na kula taratibu barazani huwashauri waje mwezi ukiwa nusu. Wazee walipoweka fungate ya siku saba sidhani kama walikuwa wakifikiria maji, ila siku saba ndio muda wa kutoka bamvua hadi maji mafu, kwa hiyo anayekaa fungate kamili anapata mito miwili kwa bei ya mmoja. Wengi siku hizi hukaa siku mbili, na hao ndio wanaopaswa kuchagua.

Haya sikujifunza kitabuni. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa msimamizi wa hoteli ya vyumba saba, niliwaandalia maharusi kutoka Dar es Salaam chakula cha jioni ndani ya boti, kwenye hori, yaani mkono mwembamba wa maji unaoingia katikati ya mikoko. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu. Nahodha wetu, mtu mzima aliyezaliwa na kuzeekea kwenye maji yale, alinivuta pembeni akaniambia, “Mwanangu, leo bamvua. Saa kumi na mbili tuwe tumeshatoka humo.” Nikamjibu, “Sawa, baba,” kisha nikafanya nilivyotaka, kwa sababu bibi harusi alitaka picha za machweo na mimi nilitaka zile picha ziende mtandaoni. Ilipogonga saa moja kasoro nahodha akashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, bila kuniuliza tena. Tulisogea kama hatua ishirini, boti ikakaa juu ya tope kama kuku juu ya mayai. Maji yalikuwa bado na saa tatu za kuondoka na saa tatu nyingine za kurudi mahali palepale, kwa hiyo tulikaa humo hadi saa saba usiku. Mwezi ulikuwa mzuri ajabu. Tope lililobaki wazi lilikuwa likitoa mlio mdogo usiokatika, kama mafuta kwenye kikaango, na usubi walitufunika hadi kope. Bwana harusi alivua koti lake la suti akamfunika mkewe kichwa na mabega, kisha akakaa na shati lililoloa jasho akijipiga makofi shingoni, asiseme neno. Nahodha naye hakunilaumu hata kwa jicho, jambo lililoniuma zaidi. Kesho yake niliwarudishia pesa ya chakula, na tangu siku hiyo saa ya boti katika hoteli yoyote niliyofanya kazi imepangwa na nahodha, si na mapokezi.

Usubi wenyewe wanastahili maneno machache, kwa kuwa wameharibu mapumziko mengi kuliko mbu. Ni wadogo kiasi cha kupenya matundu ya chandarua cha kawaida, hutoka alfajiri na magharibi, na hupenda tope la mikoko lililoachwa na maji. Dawa yao kubwa ni upepo, kwa sababu hawana nguvu ya kuruka dhidi yake, na ndiyo maana mimi humwambia mgeni asivutwe na kiyoyozi akasahau kuuliza kama kuna feni juu ya kitanda na nyingine barazani. Mbu ni habari nyingine: wapo wanaoeneza malaria wanaozaliana hata kwenye maji yenye chumvi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba karibu na bahari hakuna malaria. Chandarua kiwe kizima, kiwe kipana cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro pande zote nne, na ukikikuta kimefungwa fundo la mapambo juu ya kitanda cha samadari, kifungue mchana ukague matundu kwa macho yako.

Kuhusu chumba, picha husaidia kidogo. Nikiingia hoteli nisiyoijua huangalia kwanza madirisha yanapokea upepo kutoka wapi. Mchana upepo hutoka baharini, na usiku wa manane hadi asubuhi hugeuka ukatoka nchi kavu, ule umande ambao wavuvi huutumia kutokea alfajiri. Chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana hupumua usiku kucha. Chenye dirisha moja kubwa la kioo kinachotazama mto hupendeza kwenye simu na kuwa tanuri ifikapo saa tisa mchana. Paa la makuti lililopangwa vizuri hushinda bati kwa ubaridi na kwa utulivu wa mvua, mradi mwenye hoteli akubali gharama ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Halafu fungua bomba la bafuni. Visima vya karibu na mlango wa mto mara nyingi hutoa maji ya chumvichumvi, sabuni haitoi povu na nywele hubaki ngumu kama mkonge. Hoteli inayojali huleta maji yasiyo na chumvi kwa gari au huvuna ya mvua, na utaijua kwa povu. Bawaba za milango nazo husema kweli, kwa sababu chumvi ya hewani hula chuma haraka, na mwenye kubadilisha bawaba kwa wakati ndiye anayebadilisha pia godoro.

Kuna mtindo mmoja ninaoutilia shaka, ule wa chumba kinachoning'inia juu ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo, na mikoko ni misitu ya hifadhi ambayo haikatwi bila kibali. Hoteli iliyofyeka mkoko, mchu na mkandaa, yote miti ya jamii ya mikoko, ili mgeni aone mto vizuri imekata kile kilichokuwa kikishikilia ardhi iliyo chini yake. Nimeshuhudia baraza lililokuwa na nafasi ya meza nne likibaki na nafasi ya meza moja ndani ya misimu mitatu ya mvua. Kwa hiyo ukiona picha ya ukingo ulionyooka, mweupe, bila mti hata mmoja, usidhani ni usafi.

Nikiulizwa kati ya Ruvuma na Lukuledi, kwa wawili wanaotaka utulivu mimi huchagua upande wa Lindi bila kusitasita sana. Ruvuma ni mto mkubwa, wenye urefu wa kilomita 800 hivi, mpana na wenye mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, na mlango wake umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Una viboko na mamba, ni mpaka wa nchi, na upande wa pili ni Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ambako usalama umekuwa mashakani tangu mwaka 2017. Anayekwenda huko aende na kitambulisho, aulize kwanza serikali ya kijiji, na asiagize boti ivuke katikati ya mto kwa ajili ya picha. Lindi mto ni mdogo, mji uko karibu, na ng'ambo ya ghuba kuna Kitunda ambako watu huvuka kila siku kwa shughuli zao, hivyo hata mkichoka kukaa hotelini mna pa kwenda. Lakini pande zote mbili kanuni ni moja: mtoni hapaogelewi, hata kama maji yametulia na mtoto wa jirani anaonekana akioga. Viboko hupanda kula majani usiku, na matembezi ya mkono kwa mkono ukingoni baada ya giza yaachwe au yafanywe pamoja na mlinzi mwenye tochi.

Majira hayana siri kubwa. Sisi tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, ambapo mto hubeba udongo na magogo na maji yake huwa ya rangi ya chai ya maziwa. Bei hushuka, mikorosho hupendeza, lakini barabara zinaweza kukatika, kama ilivyotokea Mei 2024 pale mvua za kimbunga Hidaya zilipoharibu barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Juni hadi Agosti kuna baridi nzuri ya usiku, ila kusi huvuma kwa nguvu mchana, na boti ndogo hurushwa. Mimi ningekuja Septemba au Oktoba, kusi ikiwa imechoka na mabibo yameanza kunukia njiani.

Kwenye chakula, usiagize kitu ambacho ungekipata Dar es Salaam. Kaa wa mikoko aulizwe asubuhi ili mvuvi amlete akiwa hai, na apikwe kwa nazi. Kiangazi uliza ming'oko, vile viazi pori vyembamba vinavyochimbwa vichakani na kuuzwa barabarani vikiwa vimechemshwa. Hoteli nyingi huona haya kuviweka mezani mbele ya wageni, na huwa nabishana na wapishi kuhusu hilo kila mwaka. Vinamenywa kwa vidole, vinachafua mikono, na wawili wanaoweza kumenyeana ming'oko huku wakicheka hawahitaji mishumaa.

Mji wa Lindi ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nguo za kuogelea zibaki bwawani, na mkitoka kwenda sokoni mwanamke ajitande kanga na mwanamume avae shati. Wakati wa Ramadhani msile hadharani mchana. Wahudumu watawaita “shemeji” au “wifi” mkishazoeana nao siku moja, na mkiitikia vizuri mtashangaa jinsi chai inavyofika mapema.

Simu ya mwisho niliyopokea wiki hii ilikuwa ya mume anayetaka kumfanyia mkewe jambo la ghafla mwezi ujao, siku mbili, tarehe ameshazichagua. Nimetazama kalenda: mwezi utakuwa nusu, maji yatajaa saa nne. Nimemwambia asahau boti ya jioni, amwombe mpishi aweke meza ukingoni asubuhi, na aje na mafuta ya kuzuia wadudu.